Kitanda cha Diwani

Mimi nilitaka mnara wa paka. Ulisimama katikati ya duka, wa kadibodi tupu, ghorofa tatu, na kile kikao cha juu kingefika sawasawa na dirisha letu. Nilishapima nyumbani. Diwani angekaa pale aangalie barabara, kama enzi zile alipokuwa akimngoja baba arudi kutoka kazini.

Baba ndiye aliyempa paka huyo jina, kwa kuwa haonekani mpaka chakula kiive. Tangu tumzike baba, Diwani alikonda akabaki mifupa. Daktari wa mifugo alisema figo zimechoka, hakuna la kufanya ila kumtunza. Maneno hayo yaliingia sikio hili yakatokea lile. Niliamini akipata pa kupanda atachangamka.

Mama hata hakuutazama mnara. Alikuwa amechuchumaa mbele ya kitanda cha kadibodi kifupi kama sinia, akibonyeza kingo zake.

"Hiki kinaoza?" alimuuliza muuzaji.

Muuzaji akafurahi, akidhani amepata mteja anayejali mazingira. Akaeleza kwamba gundi ni ya wanga, hakuna pini wala plastiki, na kikifukiwa hakimalizi mwaka.

"Na rangi yake?"

"Haina sumu, mama. Hata mboga zinaota juu yake."

Nilianza kukereka. "Mama, tunanunua cha kulalia, si mbolea. Diwani anapenda juu."

"Hawezi tena kupanda, mwanangu. Leo asubuhi nimembeba mpaka kwenye maji yake."

"Akizoea taratibu..."

"Hatazoea." Hakupandisha sauti. "Nataka alale humu, pawe pake. Siku yake ikifika tusimtoe, tumfukie nacho hivi hivi. Baba yako walimgeuzageuza watu nisiowajua, nami nimesimama mlangoni. Huyu sitaki aguswe."

Muuzaji akajifanya anapanga rafu. Nililia pale pale dukani, mtu mzima mimi, watu wakitazama. Nilimlilia Diwani na nilimlilia baba, sikuweza kuwatenganisha. Mama alinishika kiwiko tu, akaniacha nimalize.

Nikapangusa uso, nikachuchumaa kando yake. Nilikitazama kile kitanda kwa mara ya kwanza, nikakipima kwa shubiri.

"Kipo kikubwa kidogo?" nikamuuliza muuzaji. "Akilala hunyoosha miguu."