Kapiteni Nabintu

Miaka kumi na tisa Ntabaza alikuwa akitafsiri filamu katika ukumbi wake wa video pale Kamembe. Alikaa kando ya televisheni, maikrofoni mkononi, wazungu wakisema yao naye akiwasemea kwa Kiswahili. Nusu alielewa, nusu alitunga. Filamu za anga za juu ndizo zilizompa sifa. Kila kapiteni wa kike, hata awe na nywele za njano na macho ya buluu, alimwita Nabintu, jina la mama mmoja wa Bukavu aliyevuka mpaka kila siku kuja Kamembe na beseni la sambaza, vile vidagaa vya ziwani.

"Kapiteni Nabintu anapaa!" Na watu walipiga makofi mpaka mabati yakatetemeka.

Binti yake Odette alikulia kwenye benchi la mbele, akayameza yote. Alipokuwa mtu mzima alitengeneza filamu yake kwa kamera ya kuazima. Chombo kilikuwa cha mabati, na sayari ya moto ilikuwa uwanda wa Bugarama mpunga ukishavunwa. Kapiteni akawa Nabintu mwenyewe, yule wa sambaza. Alipoombwa, mama wa watu alilia kwa furaha.

"Papa," Odette alimwambia Jumamosi, siku moja kabla filamu yake haijaonyeshwa ukumbini, "kesho usishike mikro. Bantu banasema Kiswahili mule ndani, hakuna kitu ya kutafsiri. Unyamaze tu. Njo kitu moja ninakuomba."

"Nitanyamaza, maman," Ntabaza alimwahidi binti yake.

Jumapili mchana ukumbi ulijaa. Nabintu alikaa mbele na kitenge kipya. Mcheza kwao hutunzwa, wanasema. Waliosema hivyo hawakufika Kamembe siku ile. Uso wa Nabintu ulipojaa kwenye kioo cha televisheni, kicheko kilianzia nyuma kikaja mpaka mbele.

"Ule si wa sambaza?"

"Kapiteni ananuka samaki!"

"Ntabaza, utuwekee filamu ya kweli!"

Mabenchi mawili yakainuka kutoka. Ntabaza aliingiwa na hofu. Wakitoka leo, Jumapili ijayo watahamia ukumbi wa jirani. Akaishika maikrofoni.

"Bandugu, mukae! Huyu banamurudishaka ku baryeri ya mpaka, kule Ruzizi, akikosa karatasi. Ku nyota atapita na karatasi gani?"

Wakakaa, wameshika mbavu. Ntabaza hakuishia hapo. Kila Nabintu alipofungua kinywa kwenye kioo, yeye alimfunika kwa mzaha mwingine, mpaka mwisho wa filamu. Alikuwa hajawahi kuchekesha vile. Na aibu kubwa kuliko zote ni kwamba alifurahi.

Odette hakupiga kelele. Alichomoa flashi yake yenye filamu, akamtazama baba yake.

"Papa, ni weye ulinifundisha kila kapiteni anaitwa Nabintu."

Odette akamshika mkono Nabintu, ambaye kitenge chake kilikuwa kimelowa machozi kifuani, wakatoka pamoja. Nyumbani kwa baba yake Odette hakurudi tena.

Jumapili iliyofuata Ntabaza aliweka filamu ya zamani. Kapiteni wa nywele za njano akatokea. Ntabaza alitafuta jina jingine, lolote lile, na halikuja. Watu walikuwa wakingoja.

"Kapiteni Nabintu anapaa!"

Makofi yakalipuka, yaleyale ya siku zote. Mlangoni, mwenye jina alikuwa akipita na beseni lake kichwani, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kumtazama.