Sentimita Kumi za Kijivu

Watu wa mtaa ule walimwita Fundi Milimita, na jina hilo alilipata kihalali. Ungempelekea picha ya harusi aitie fremu, ukamwambia akadirie tu, angekutazama kama mtu aliyetukaniwa wazazi. Alikuwa anapima mara tatu, anaandika, kisha anapima tena kuhakikisha kwamba alichoandika ndicho alichopima. Siku moja alipita mlangoni kwa jirani akasema mlango umepinda. Jirani alinuna wiki nzima, mwishowe akaita seremala ili amuumbue fundi, na seremala naye akasema umepinda.

Sasa mtu wa namna hiyo akikosea kipimo, pa kuuficha uso hana. Fundi Milimita aliwahi kukosea mara moja tu, miaka thelathini na moja iliyopita, na kwa bahati mbaya alikosea kwenye picha ya dada yake.

Asubuhi moja mpwa wake aliingia kibandani na bahasha kubwa. Huyu alikuwa binti pekee wa dada yake, na ndiye aliyesimamia kazi za mama yake tangu mikono ya mama ilipoanza kutetemeka. Makumbusho yalikuwa yanaandaa maonyesho ya kazi zote za mama, vyumba vitatu vizima. Chumba cha kwanza kingekuwa na kanvasi kubwa moja tu, ile iliyokuwa ikining'inia miaka yote kwenye ukumbi wa kampuni ya bima. Viwili vilivyobaki vingejaa picha ndogo za karatasi, ambazo ndizo mama alizochora maisha yake yote yaliyofuata. Mpwa alitaka mjomba asome maneno yatakayobandikwa ukutani kwenye chumba cha pili, kwa kuwa yeye mwenyewe ametajwa, na mchapaji anayahitaji kesho saa sita.

Fundi alivaa miwani, akaisogeza karatasi kwenye mwanga.

"Watu huniuliza kwa nini niliacha kanvasi kubwa," dada yake alikuwa amesema, na mpwa akaandika. "Kuna walioandika kwamba nilichoka na makelele, nikatafuta utulivu. Sikutafuta utulivu wowote. Kanvasi nilizokuwa naziandaa kwa mikono yangu zilikuwa zinaota ukungu kwa ndani. Aliyegundua ni mdogo wangu, fundi wa fremu. Bila yeye ningeendelea kuwapa watu vitu vinavyooza. Namshukuru mpaka leo."

Alisoma mara mbili. Alipofika kwenye neno ukungu mara ya pili, alivua miwani. Mpwa aliuliza kama cheo chake wamekiandika sawa. Akajibu kwamba kiko sawa, ila asipeleke kwa mchapaji kwanza, mpaka yeye aonane na mama. Mpwa akacheka kwamba mjomba atakuwa ameona nukta imekaa vibaya, akaondoka zake.

Fundi alibaki ameketi juu ya benchi la kazi, mahali ambapo hata wateja alikuwa anawakataza kukaa.

Zamani zile dada yake alikuwa anachekwa. Alichora picha zisizo na mtu, nyumba wala mti, rangi tupu zinazosukumana, na kila aliyezitazama alisema kwamba hata mwanawe wa chekechea angeweza. Dada hakujali. Alipanga stoo nyuma ya nyumba ya watu, akawa anatandika kanvasi mwenyewe, anazipaka gundi na chaki, kisha anachora amesimama, kwa bega zima, mpaka anatoka humo jasho linamtiririka. Fundi, tuseme ukweli, hakuelewa chochote. Alizipenda pembe za kanvasi, kwa sababu dada yake alijua kutengeneza pembe mraba.

Ile kubwa aliichora baada ya mama yao kufa. Nyekundu na nyeusi ziliinuka kutoka kushoto, zikapinda, zikaelekea kulia kwa nguvu, na mwishoni kabisa zikakoma mbele ya ukanda wa kijivu usiozidi upana wa kiganja. Fundi aliuliza kwa nini pale hapajapakwa kitu. Dada akamwambia pamepakwa mara nne, na kwamba hapo ndipo mtu anapovuta pumzi. Fundi akaitikia kwa kichwa kama unavyomwitikia daktari anayetaja dawa usiyoijua.

Kampuni ya bima iliinunua kwa ajili ya jengo lake jipya na kuleta mbao zake yenyewe za fremu, nyekundu, za kuchongwa, zinazotosha picha ile na si zaidi. Hapo ndipo kilipozuka kisanga. Tepu ya zamani ya fundi ilikuwa imekatika ncha, kwa hiyo miaka mingi alikuwa anaanza kupima kwenye alama ya kumi, halafu anatoa kumi kwenye jibu. Wiki ile alikuwa amejinunulia tepu mpya. Alipima kuanzia sifuri, kama mtu mwenye tepu nzima, kisha mkono kwa mazoea ukaandika jibu pungufu kwa kumi. Akapima mara tatu, na mara zote tatu akatoa kumi. Akakata.

Alilijua kosa lake alasiri, siku moja kabla ya ufunguzi wa jengo, wageni wakiwa wameshaalikwa na mbao nyingine hakuna. Fremu ilikuwa fupi kwa sentimita kumi. Aliizunguka picha mpaka miguu ikamuuma. Angeweza kumwita dada yake. Badala yake aliutazama ule ukanda wa kijivu, akajiambia kwamba hauna kitu, akachukua kisu. Pembe zilitoka mraba kabisa.

Dada alipokuja asubuhi alisimama mbele ya picha muda mrefu, akapitisha kidole ukingoni. Fundi hakungoja aulizwe. Alisema amekuta ukungu ukingoni, imebidi akate kabla haujatambaa. Dada akaomba akione kipande. Uongo ukishaanza hauna breki, kwa hiyo fundi akasema amekichoma, maana ukungu wa aina hiyo unaambukiza, na tena unaanzia ndani kwenye gundi, kwa macho huuoni. Kipande chenyewe wakati huo kilikuwa chini ya benchi, ameshakifutia vanishi. Dada akamshika bega, akamshukuru kwa kumwambia.

Kilichofuata wengi wanakijua. Mwalimu mmoja wa chuo aliandika gazetini kwamba katika picha ile nyekundu inajigonga ukingoni kama mtu anayejigonga ukutani, na kwamba mchoraji amemnyima mtazamaji pa kutokea. Vijana wa sanaa wakaja kuitazama kwa makundi. Haukupita muda wakaanza na wao kubananisha rangi kulia mpaka ukingoni. Mtindo ukahamia kwenye vitambaa vya mapazia, kwenye majalada ya madaftari, hadi kwenye ukuta wa saluni iliyokuwa mkabala na kibanda cha fundi. Picha za namna hiyo alizitia fremu kwa makumi, na kila moja ilimkumbusha kile kisu. Hata hivyo alijipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, akajiambia kwamba kosa lake ndilo lililompa dada jina. Na dada alipohamia kwenye karatasi ndogo, fundi alichukulia kwamba wachoraji ndivyo walivyo, leo hivi kesho vile. Hakujiuliza. Au niseme alikwepa kujiuliza, kwa sababu swali lilikuwa mbele ya pua yake miaka thelathini na moja.

Mchana ule alifunga kibanda mapema, akaenda.

Dada yake alikuwa ameketi karibu na dirisha, mikono ameilaza mapajani, mmoja juu ya mwingine ili itulie. Alifurahi kumwona, akamtania kwamba bila shaka amekuja kupima upana wa herufi. Mpwa alileta chai, akawaacha. Fundi alijikaza kisabuni. Alikuwa amepanga aanzie mbali, lakini maneno yote aliyoyapanga njiani yalimpotea, akajikuta ameanza na tepu.

Alieleza yote: ncha iliyokatika, ile kumi aliyoitoa mara tatu, mbao, kisu, kitambaa cha vanishi. Alieleza huku ameinamia kikombe.

"Kwa hiyo kanvasi ilikuwa nzima," dada alisema.

"Nzima kabisa, Dada. Hakukuwa na ukungu wala harufu ya ukungu. Niliona aibu. Nisamehe."

Dada aliitazama mikono yake. Fundi alijiandaa kusikia habari za ule ukanda wa kijivu, wa pumzi, wa mama yao. Alistahili, na alikuwa tayari.

"Zile kubwa nyingine unazikumbuka?" dada akauliza. "Zilizokuwa stoo."

Alizikumbuka, zikiwa zimeegemezwa ukutani migongo nje. Siku zote alidhani dada aliziuza, au aliwagawia watu.

"Zilikuwa tisa. Gundi ile ile, chaki ile ile. Wewe ulisema ukungu unaambukiza na kwa macho hauonekani." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anayemweleza mtu njia. "Nilizitoa nje moja moja, nikazichoma. Ilinichukua siku nzima, kwa sababu kanvasi yenye gundi haishiki moto upesi. Ya mwisho ilikuwa haijakauka rangi."

Fundi alikirudisha kikombe mezani kwa mikono miwili. Alijuta, na majuto yenyewe aliyaona madogo, hayafiki hata robo ya kile alichokifanya. Akasema kwamba bado kuna muda, ampigie mpwa, maneno ya ukutani yabadilishwe, watu waujue ukweli na yeye aaibike anavyostahili.

Dada alikataa. Alisema watu wakishajua wataanza kuziulizia hizo tisa, na yeye hana nguvu za kusimama mbele ya wageni akieleza picha ambazo hazipo. Karatasi ameshazizoea. Zinamtosha mkono. Maneno yabaki kama yalivyo.

"Lakini nilikuwa sijamaliza na zile kubwa," alisema. "Ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza kuzijua."

Nje mtu alipita akisukuma mkokoteni, na wote wawili wakausikiliza mpaka ukapotea.

"Ungeniambia wiki ile ile," dada akasema, "ningekugombeza siku mbili, yakaisha."

Fundi Milimita aliinamisha kichwa, akangoja agombezwe sasa. Alikaa pale mpaka chai ikapoa, na dada yake hakumgombeza.