Kasuku Mbele ya Jaji

…na hajibu, jamani, dereva wa kreni hajibu kabisa! Kasuku kasimama katikati ya chumba cha mahakama, jasho linamtiririka mgongoni.

Kasuku ni jina alilobandikwa na kaka yake tangu aanze kusomea ukalimani wa Kihispania. Leo ndiyo kesi yake ya majaribio. Bosi wake, mkuu wa wakalimani, yuko benchi la nyuma, mikono kaikunja kifuani. Asubuhi alimwambia, "Ukiongeza neno lako hata moja, mwanangu, unarudi kutoa fotokopi."

Kiapo alikikariri wiki nzima. Kilichomsumbua ni kineno kimoja, *ante*. Maana yake "mbele ya", ila ni neno la kiofisi, la suti na tai. Jana jikoni kaka yake akamchokoza.

"Kwa hiyo hapa niko *ante* sufuria?"

"Sufuria itakuuliza nini, kaka? Hiyo iko tu hapo mbele yako, unasema *delante de*. *Ante* ni kwa mtu anayengoja umjibu."

"Aa. Basi mama akishika mwiko, niko *ante* mama."

Mama alicheka mpaka akatafuta kiti.

Leo hakuna wa kucheka. Swali kaliuliza sawasawa: unaapa kusema kweli *ante* mahakama hii? Dereva, shahidi pekee aliyeuona mzigo ukianguka kutoka kwenye kreni, anamkodolea macho yeye. Mwishowe anauliza kitu kwa Kihispania, taratibu. Lazima Kasuku akitafsiri kama kilivyo.

"Nikuapie wewe, binti?"

Watu wakaguna. Bosi akainama mbele.

Hapo ndipo Kasuku alipogeuza shingo na kumwona jaji nyuma yake. Yaani muda wote huo kamziba! Mwanamume wa watu anaambiwa yuko mbele ya mahakama, na mbele yake kuna msichana tu.

"Mheshimiwa, mkalimani anaomba kusogea."

"Sogea."

Akaenda kusimama begani kwa shahidi. Dereva na jaji wakatazamana uso kwa uso. Kasuku akarudia swali lilelile, hakuongeza hata herufi. Dereva akanyoosha mgongo, akajifunga kifungo cha shati.

"*Sí, juro.*"

"Ndiyo, naapa."

Baadaye, koridoni, bosi akamsimamisha. "Nani alikufundisha kusimama katikati kama mlingoti?"

"Hakuna, bosi."

"Na kuondoka hapo katikati, nani kakufundisha?"

Kasuku akataka kusema sufuria, akajizuia. Bosi akasema, "Kesho chumba cha pili, kesi inaendelea. Fotokopi atatoa mwingine."

Nyumbani mama alimpokea mlangoni, kaka yuko nyuma yake. "Haya, Kasuku, lete habari."

"Kazi nimepata," akasema, sauti imebaki ya kukwaruza. "Ila dereva alichosema kuhusu ule mzigo, na wakili mmoja pale alivyobadilika rangi, nitawasimulia kesho. Leo hata ukishika mwiko, mama, sijibu."