Kadi ya Wawili

Tangu aolewe, Bi Mahfoudha wa Ibra, Oman, hakuwahi kununua kitu kwa bei ya kwanza. Katika soko la wanawake la Jumatano, wauza vitambaa walimjua kwa mwendo wake. Akitajiwa bei hucheka kidogo, hukikunja kitambaa vizuri, hukirudisha mahali pake, kisha huondoka taratibu kama mtu mwenye shughuli nyingine. Hafiki mbali ila ataitwa: "Njoo, Bi Mahfoudha, njoo tusikilizane!" Naye hurudi.

Basi binti yake Raghad alipojifungua mtoto wa kike huko Newcastle, Uingereza, ambako mumewe Bader alikuwa akisoma, Bi Mahfoudha aliiona safari nyepesi. Mwanawe mkubwa, Yazeed, alikwishamkatia tiketi ya ndege mpaka London. Kilichobaki ni treni ya kutoka London hadi Newcastle, na treni, kwa mawazo yake, ilikuwa ni teksi tu iliyorefushwa.

Alasiri moja alikaa ukumbini na bintiye mdogo, Khulood, mwalimu wa skuli pale pale Ibra, wakafungua kompyuta. Khulood akamsomea bei.

Bi Mahfoudha akaweka chini kikombe cha kahawa. "Wanauza kiti au wanauza treni?"

"Kiti, mama. Cha kwenda tu. Kurudi mbali."

"Funga. Tuondoke zetu. Watatwita."

Khulood alicheka, lakini akafunga. Kesho yake walipofungua, bei imepanda. Bi Mahfoudha akavaa miwani, akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Akaamrisha ifungwe tena, na safari hii akaipa siku kadhaa ili wenyewe watie akili. Walipoirudia, imepanda zaidi.

"Watu gani hawa?" akasema huku kashika kichwa. "Mtu ukimpa mgongo ndiyo kwanza anakuzidishia!"

"Mama, huko tiketi rahisi ziko kidogo. Mwenye kuwahi anapata, mwenye kungoja analipa. Lakini kuna kadi. Ukiwa nayo, wanakupunguzia theluthi."

"Theluthi!" Bi Mahfoudha akasogea. "Kadi gani?"

"Moja hii ya watu wazima. Lazima uwe na sitini."

"Nani kakwambia mie nina sitini?"

"Sijasema mimi. Paspoti yako inasema hamsini na nane."

"Basi paspoti yangu ina adabu kukushinda weye."

Khulood akaendelea kusoma, kidole kikishuka kwenye kioo. Ipo ya vijana, ipo ya wanaosafiri na watoto. "Na hii ingine inaitwa Wawili Pamoja. Watu wawili, kadi moja, picha zao wote wawili ndani yake. Umri hauna neno. Lakini lazima wapande treni moja, wasiachane."

"Wawili, mie na nani?"

Khulood akaendelea kutazama kioo. "Khalti Kaltham na yeye anakwenda."

Bi Mahfoudha akainuka kwenda kutazama jiko, ambalo halikuwa na kitu juu yake.

Bi Kaltham alikuwa mama yake Bader, naye kwao Nizwa. Wazee wa Bi Mahfoudha walitoka Unguja. Bi Kaltham alizaliwa Tabora, na Kiswahili chake kilikuwa cha bara, cha moja kwa moja. Hilo halikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa halwa. Siku ya harusi ya watoto wao, Bi Mahfoudha alikwenda Nizwa na masinia ya halwa aliyoipikisha kwa mtu wake wa Sur. Bi Kaltham naye alikuwa na halwa ya Nizwa, na hiyo ndiyo iliyotangulia mbele ya wageni, ya Sur ikabaki nyuma, imefunikwa. Hakuna aliyesema kitu. Lakini wambea hawakosi harusi. Neno likapelekwa huku, likarudishwa kule limenenepa, na tangu siku hiyo wakwe hao walipelekeana salamu za Idi kwa simu, fupi na za heshima, kama ofisi inavyoiandikia ofisi nyingine.

Wiki ile Raghad alipiga simu kumwonyesha mama yake mtoto akipiga miayo. Bi Mahfoudha aliomba dua, akasifu paji la uso, akauliza kama mtoto anashiba. Kisha Raghad akasema, "Mama Kaltham naye anahangaika na tiketi. Hata ndege hajakata. Kaniuliza weye unakwenda siku gani, halafu akasema nisikwambie kama kauliza."

"Kauliza?"

"Kauliza, mama."

Bi Mahfoudha akautazama mkono mdogo wa mjukuu uliokuwa umefumbwa kwenye kioo cha simu. Alipoagana na Raghad alimwita Khulood. "Ijumaa twende Nizwa."

Walipita mji wa Mudhaibi jua likiwa bado halijakali. Njia nzima Bi Mahfoudha alikuwa akipanga maneno yake, ya kwanza haya, ya pili yale, mengine kwa Kiarabu ili yawe na uzito. Waliposimama mlangoni kwa Bi Kaltham, hata moja halikubaki kichwani.

Bi Kaltham alifungua mwenyewe, mtandio umekaa upande, mikono ina unga. Alisimama kidogo, kisha uso wote ukamfunguka. "Jamani! Karibuni, karibuni ndani!"

"Shikamoo, khalti," akasema Khulood.

"Marahaba, mwanangu. Pita."

Wakakaa. Wakaulizana hali, na watoto, na wajukuu, na jamaa wa Bidiya, na mitende kama imezaa vizuri. Maulizo yakaisha, na kilichowaleta pamoja bado hakuna aliyekitaja. Ndipo Bi Mahfoudha, bila ya kukusudia, akajisikia anasema:

"Bi Kaltham, mie nimekuja kukuposa."

"Kuniposa mimi?"

"Weye. Kuna kadi huko Uingereza, wanataka watu wawili."

Bi Kaltham alicheka mpaka akashika ukuta, alama ya unga ikabaki kwenye rangi. Khulood akacheka, Bi Mahfoudha mwenyewe akacheka mpaka akavua miwani kufuta macho. "Basi nimekubali," akasema Bi Kaltham alipopata pumzi. "Na mahari yangu ni dirisha. Mimi lazima nikae dirishani."

Hapo ndipo Bi Mahfoudha alipojua mambo ambayo miaka yote hakuyauliza. Baba yake Bi Kaltham alikuwa na duka karibu na stesheni ya Tabora, na kila likizo mama yake alimpandisha treni kwenda kwa shangazi yake Mwanza. Usiku kucha uso uko dirishani, anahesabu taa za vituo, anakataa kulala. Tangu waje Oman hajapanda treni tena, atapanda wapi na nchi haina reli ya abiria?

"Kwa hiyo nilitaka kubuku tiketi mwenyewe," akasema, akivuta kompyuta ya mwanawe kutoka chini ya mto. "Nimeangalia kila siku. Na kuna kitu nimekiona, dada, lakini naogopa, labda ni makosa. Sikia. London mpaka Newcastle, bei hii. Lakini ukinunua London mpaka York, halafu York mpaka Newcastle, ukijumlisha inakuwa ndogo."

"York tunashuka?"

"Hatushuki. Treni ile ile. Unakaa tu."

Bi Mahfoudha akamgeukia Khulood. "Kweli hiyo?"

Khulood akasoma masharti kwa utulivu wa mwalimu, ukurasa baada ya ukurasa. "Kweli. Inaruhusiwa, mradi treni iwe inasimama York. Na hii inasimama."

Macho ya Bi Mahfoudha yakang'ara kama yanavyong'ara Jumatano. Kumbe kuna mahali pa kushika! Akavuta mto, akakaa karibu kabisa na Bi Kaltham, bega kwa bega. Bi Mahfoudha akasema Ijumaa waikimbie, maana watu wote wanarudi makwao; Khulood akaongeza kwamba siku za kazi kadi haifanyi kazi asubuhi mapema. Wakalale London kwa jamaa, wanywe chai kwa nafasi, wapande mchana wa Jumanne. Bi Kaltham akakubali kukata ndege ile ile ya mkwe wake. Kwa hesabu ya vipande viwili na theluthi ya kadi, bei ilishuka mpaka Bi Mahfoudha akamwonea huruma mwenye treni.

"Na dirisha?" akauliza Bi Kaltham.

"Na mie nalitaka," akakiri Bi Mahfoudha.

Khulood akatafuta, akapata viti viwili vya dirishani vinavyotazamana, meza katikati.

Ikabaki picha. Bi Kaltham akanawa mikono, akavaa shela yake ya rangi ya zabibu, akasimama mbele ya ukuta mweupe na kutabasamu meno yote nje. Bi Mahfoudha akasimama kama anayepigwa picha ya polisi. "Cheka kidogo, shoga yangu," Bi Kaltham akamwambia kutoka nyuma ya Khulood, "unakwenda kwa mjukuu, huendi mahakamani," na picha ikamkuta Bi Mahfoudha mdomo wazi katikati ya kicheko. Hakukubali ifutwe.

Kadi ilipotokea kwenye simu, nyuso zao mbili ziko ubavu kwa ubavu, wakaitazama kwa zamu.

"Mashallah," akasema Bi Mahfoudha. "Na inadumu muda gani?"

"Mwaka mzima, mama."

Wale wanawake wawili wakatazamana. Bi Kaltham akafungua ramani ya reli, akafuata mstari kwa kidole mpaka ukapita Newcastle, ukaenda juu. "Hii inafika mpaka Edinburgh. Tazama, inapita kando ya bahari."

Chakula cha mchana kilikuwa kimekwisha kuliwa Raghad alipopiga simu, akawakuta mama yake na mama mkwe wake wameinamia kioo kimoja, wanabishana kwa sauti kama washuke njiani, Berwick, ama wasishuke.

"Kwani mnakuja kumtizama mtoto au kutizama treni?" akauliza.

"Mtoto!" wakajibu pamoja.

"Jumamosi na Jumapili," Bi Kaltham akaongeza, "baba yake si yupo nyumbani? Basi na amshike."

Bi Mahfoudha akatikisa kichwa kuafiki, akamwomba Khulood, aliyekwishashika ufunguo wa gari ili warudi Ibra, akae kidogo, maana hawajajua bado treni ya kurudi kutoka Edinburgh inaondoka saa ngapi.