Mikono Iliyopishana

Nilibonyeza kitufe cha kushoto, mkono wa kulia ukaruka. Nikabonyeza cha kulia, wa kushoto ukaitika. Mpira wa chuma ukapita katikati, ukatumbukia shimoni.

Karakana yetu ya mtaa wa Digbeth, huku ughaibuni, chini ya matao ya reli, ilikuwa ya kuunda mashine za pinball: unarusha mpira, kisha mikono miwili midogo inauzuia usianguke. Tulikuwa watatu. Jagjit, mwenye karakana, aliyefunga nyaya za magari Longbridge mpaka kiwanda kilipofungwa. Fanuel, seremala kutoka Kisii. Na mimi, Mize wa Makunduchi, mtu wa nyaya. Hii ndiyo iliyokuwa mashine yetu ya kwanza. Tulikuwa na desturi kabla hata ya kuwa na mashine: aliyeunganisha nyaya ndiye hupiga mpira wa kwanza.

Mnunuzi, Pritesh, mwenye kumbi za michezo, alikuwa njiani. Asipoagiza, Jagjit angerudisha funguo za karakana Ijumaa.

Kosa lilikuwa langu. Nyaya hufungwa ubao ukiwa umepinduliwa, na ukipinduliwa, kushoto kwake huwa kulia kwako. Nilijua hilo kama ninavyojua kupika wali. Siku hiyo nilikuwa na haraka na majivuno, basi.

"Dada Mize, umecross," Fanuel alisema polepole. "Na jamaa ashapark."

Kufungua ubao kulitaka saa nzima. Jagjit alishika kichwa. Nami, kwa aibu yangu yote lakini mbishi tangu kuzaliwa, nikamtangulia mlangoni.

"Nimekosea nyaya," nikamwambia Pritesh kwa Kiingereza changu cha kuungaunga. "Mikono imepishana. Piga mipira mitatu tu, kisha nitaitengeneza ukinywa chai."

Mpira wa kwanza haukudumu. Wa pili akaukemea. Kabla ya wa tatu akavua koti. Chai ikapoa. Mpira wa nne, wa tano, akawa anacheka peke yake, akiuchapa mkono wake wa kushoto kama mtoto mtundu, na Jagjit aliyekuwa ameegemea ukuta akaanza kucheka naye. Furaha niliyoipata sijui niieleze vipi.

Nilipochukua bisibisi, Pritesh alisimama kati yangu na mashine.

"Usiiguse," akasema. "Nataka kumi na mbili kama hii."

Miaka minane imepita. Kila mashine inayotoka kwetu ina swichi ya kupishanisha mikono, na Jagjit huwaeleza wageni kwamba tulilifikiria jambo hilo kwa miezi. Mimi na Fanuel hutazama pembeni.

Jumamosi iliyopita nilimpeleka binti yangu Zainab kwenye ukumbi wa Pritesh. Ile ya kwanza bado ipo, imewekwa karibu na mlango. Zainab alibonyeza, akakunja uso.

"Mama, it's broken. Somebody wired it wrong."

"Nani huyo?" nikauliza.

Zainab akabonyeza tena. Alikuwa ameshavua koti.