Namalwa Amelala Kwenye Lori

Wewe ulimpita. Usikatae. Uliingia ile hoteli ya katikati ya jiji, ukaning'iniza koti kwenye mkono wa sanamu ya marumaru pale mlangoni, hukuuliza ni nani. Ni Namalwa. Alikuwa akiingia dansini, bendi inasahau wimbo. Mzungu mmoja akamchonga kwenye marumaru. Kisha Namalwa akamkataa mkubwa fulani mbele ya watu, gari likaja mchana likamchukua, hatukumwona tena. Gari hilo nalo uliligeuzia kisogo. Kama si wewe, babako.

Mdogo wake, Mama Ivyne, amezeekea mtaa wa Woodley. Kwao magharibi, mwili ukikosekana huzikwa mgomba, roho itulie. Wazee wamemsihi miaka nenda miaka rudi. Anawajibu, "Uso wake uko mjini, nizike ndizi?"

Hoteli ikafungwa. Sanamu ikanunuliwa na tajiri wa mtaa wa Karen, Quincy, ipambe kidimbwi chake cha kuogelea. Leo asubuhi nimemsindikiza Mama Ivyne hadi huko, tukakuta lori langoni kwake, Namalwa kalazwa chali juu ya magunia.

"Niachie nimpeleke nyumbani, mwanangu."

"Mathe, hii ni jiwe tu. Nitakutolea picha kubwa, uweke kwa ukuta."

"Picha kazike wewe."

Quincy akacheka, akawaamuru wapakuzi washushe. Mama Ivyne akapanda lori kwa magoti, akavua leso, akamfunika dadake uso. Kisha akapiga nduru. Nduru ya matanga, ya kumwita marehemu kwa ukoo wake.

Wapakuzi wakaachia kamba.

"Wesonga! Mnangoja nini?" Quincy akamfokea mmoja wao.

"Bosi, hii imeshaliliwa. Sasa ni maiti. Kwetu maiti haipelekwi kuogelea."

"Ni jiwe, mjinga wewe!"

"Basi shika wewe."

Quincy akanyoosha mkono. Akaurudisha mfukoni.

Sasa hivi anapiga simu, anatafuta vijana wa kwingine, wasiojali kilio cha mtu. Mama Ivyne sauti imemkauka. Wesonga amekipokea kilio. Lakini tuko wachache, na maiti iliyoliliwa haiachwi njiani bila watu.

Acha hicho unachokula. Usiniambie utaona kesho. Njoo Karen sasa, uzibe lango hili kwa mwili wako, lori ligeuzwe lielekee magharibi. Usiulize ni nyumba gani. Fuata kilio.