Mgeni Aliyeshonwa Mdomo

Mkasi ulikuwa wa Bi Obdulia, na uzi ulikuwa wa kijani. Hayo mawili niyashike kwanza mkononi, kwa sababu mengine yote waliyageuza.

Kitabu kilikuwa kimelazwa juu ya meza ya sakristia, chumba cha padri cha kuvalia, kama maiti inayosubiri kuoshwa, kimeviringishwa katika shuka nene ya kitani iliyoshonwa kuanzia kichwani hadi miguuni. Wanaume wawili walikuwa wamekibeba kutoka nyumbani kwetu, wakikitua kila kona ili wapumue. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimekwisha. Watu wa Valdarce walikuwa wamejibana mlangoni, na mbele yao wote alisimama Leandra, mama yangu, ndani ya gauni lake jeusi, lile alilofungia ndoa na alilozikia wafu wake. Uso wake uling'aa. Alikuwa kama mzazi wa bibi harusi anayengoja kusifiwa malezi.

Bi Obdulia, dada yake Padri Hermogenes, akapenyeza ncha ya mkasi chini ya mshono. Tk. Tk. Tk. Hariri ya kijani ikawa inakatika, na kila ikikatika aliiokota akaizungusha kidoleni. Shuka ikafunguka. Padri akafunua jalada la mbao, kisha ukurasa wa kwanza.

Ukurasa ule ulikuwa na dirisha.

Pale palipopaswa kukaa herufi kubwa ya dhahabu, yenye malaika tumboni mwake na majani yakitambaa pembeni, palikuwa na tundu la mraba, limekatwa vizuri, na ndani ya tundu yalichungulia maneno ya ukurasa wa nyuma. Padri akafunua mwingine. Dirisha. Akafunua tena. Dirisha.

"Leandra," akasema polepole, bila kuinua macho. "Umefanya nini?"

*

Sasa nirudi, maana mwenye kuanza kula samaki kwa mkia hana budi kukifikia kichwa.

Mama alifua vitambaa vya altare ya kanisa kuu. Kila Jumamosi nilimfuata na kikapu kidogo, na nikibahatika mlango wa maktaba, juu ya ngazi ya mawe, ulikuwa wazi. Humo ndimo ulimolala utajiri ambao mji wetu haukuwahi kuuonja. Kulikuwa na hati za wafalme, mihuri yake ya madini ikining'inia kama matunda yaliyokaukia mtini. Kulikuwa na kitabu cha tabibu kilichochorwa mizizi na mimea, na vitabu vya sheria vilivyofungwa mezani kwa minyororo kama mbwa wakali. Ukutani kulikuwa na sanduku la kufuli tatu, na funguo zake zilikaa kwa watu watatu, ili pasiwe na mwizi asiyewahitaji wenzake wawili. Waliolitengeneza sanduku lile, zaidi ya miaka mia sita iliyopita, waliwajua mapadri wao.

Na kilikuwepo kitabu kikuu cha waimbaji, cha zaburi. Urefu wake ulinifika kifuani. Kilitengenezwa kwa ngozi za kondoo wa milima yetu, kundi zima, na noti zake ziliandikwa kubwa kama mayai ya njiwa ili kwaya nzima ya enzi hizo isome kutoka kitabu kimoja. Padri Hermogenes, mtunza maktaba, alikuwa akinionyesha herufi moja tu, kisha anafunga. "Inatosha," husema, "macho nayo huvimbiwa." Mwaka wa mwisho kabla ya vita hakunifungulia tena.

Juu ya mlango ule kulikuwa na ubao mweusi. Mama hakujua kusoma, lakini nani asiyejua kilichoandikwa pale? Atakayetoa kitabu humu, au kukikata, ametengwa na Kanisa, na wa kumfungulia ni Papa peke yake. Mama alipopita chini ya ubao aliinamisha kichwa, kama mtu mrefu anayekwepa boriti. Naye alikuwa mfupi.

Kiangazi kile vita vilipoanza, habari zilipanda kutoka bondeni kwamba makanisa yanachomwa. Padri Hermogenes akagawa vitabu kwa watu aliowaamini. Mwoka mikate alipewa vya sheria, mwenye duka la dawa akapewa cha tabibu, na kile kikuu kililetwa kwetu juu ya punda, kimefunikwa nyasi kavu, saa ambayo mji wote hulala usingizi wa mchana. Kilikuja kimeshaviringishwa na kushonwa.

"Kwako hakuna atakayetafuta, Leandra," Padri akasema, jasho likimchuruzika. "Mumeo yuko pamoja nao."

"Mume wangu yuko vitani, Padri. Hajawahi kuchoma hata mkate."

"Najua, najua. Sikiliza. Kukitoa mle ndani nimekitoa mimi, dhambi hiyo haikuhusu. Lakini usikifungue. Hata kidogo. Unakumbuka ubao unavyosema?"

"Nakumbuka."

"Niapie."

Mama akaapa, mkono juu ya kichwa changu. Nilikuwa bado nang'oka meno ya utoto, na nakumbuka uzito wa mkono ule.

Tulikiweka chini ya godoro la bibi yangu, mzaa mama, ambaye miguu yake ilikuwa imeshamsusa. Bibi akalalia zaburi vita vyote. Wanamgambo walipokuja kupekua, kijana mmoja mwenye skafu nyekundu aligonga kitanda kwa buti.

"Inuka, ajuza, tuone umekalia mayai mangapi."

"Nimeatamia tangu Pasaka, mwanangu, hayataki kuanguliwa," bibi akamjibu. "Hebu panda wewe ujaribu. Una joto kunishinda."

Wenzake wakaangua kicheko, kijana akaiva uso kama skafu yake, wakaenda zao. Bibi alisubiri hatua zao zipotee, ndipo akaomba maji, na meno yakigonga kikombe.

Majira ya baridi viatu vyangu vilifumuka nyayo, tukavijaza majani makavu. Bibi akasema, "Ngozi ya kondoo mia iko chini ya matako yangu, na mtoto anakanyaga theluji. Kata ukurasa mmoja, Leandra. Mungu ana vingi vya kusoma."

"Nimeapa, mama."

"Basi fungua tu, tumwone mgeni sura. Nimelala naye kuliko nilivyolala na marehemu babako."

Hata mimi nilicheka. Mama hakucheka wala hakufungua. Alichofanya ni kututegea kitendawili, maana tulikuwa watu wa vitendawili; njaa ikibisha hodi, sisi tulitega.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Nina mgeni anajua nyimbo zote, na haimbi."

Nililijua jibu, ila nilijifanya nimeshindwa ili nimpe mji. Ndivyo mchezo unavyokwenda: aliyeshindwa hutoa mji, na aliyetega huenda kuutawala kabla ya kusema jibu. Mama yangu, mfua nguo, alimiliki miji jioni zile. Nilimpa Saragosa na daraja lake. Nilimpa Roma, Papa akiwa ndani. Siku moja nikasema, "Nakupa Valdarce," naye akanigusa pua kwa kidole chenye harufu ya sabuni. "Huo si wa kupewa, mjinga wewe. Huo ni kwetu."

Baba hakurudi. Alifia upande ulioshindwa, na mtu akifia upande huo hata kaburi lake halisemi. Bibi naye akafa majira ya mwisho ya vita, asubuhi, juu ya kitabu. Kabla ya kumwosha ilibidi tuhamishe mgeni kwanza. Nilishika pembe ya shuka. Nikaona mshono wa kijani, mishono midogo, sawasawa, kama meno ya mtoto. Haukuwa umeguswa.

*

"Umefanya nini?" Padri aliuliza.

Mama alitazama yale madirisha. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kuona ndani ya kitabu kile, na alichokiona kilikuwa kile kisichokuwepo.

"Padri, sikukifungua. Niliapa."

"Kilitoka kwangu kizima."

"Basi tazameni uzi," mama akasema, na sauti yake ilikuwa bado ina matumaini, ndicho kinachoniuma hadi leo. "Uzi wenyewe ni ule ule uliokuja nao. Hariri. Mimi hariri nitaitoa wapi? Bi Obdulia, si ndiyo hariri unayotarizia majoho ya Askofu? Si wewe uliyeshona?"

Kila mtu mle ndani alikuwa amewahi kuiona hariri ile ya kijani. Ilikuwa kwenye joho la Pasaka, kwenye pazia la Bikira, kwenye kola za wajukuu wa matajiri. Hakuna mkono mwingine Valdarce uliokuwa nayo. Mwoka mikate akatazama viatu vyake. Mwenye duka la dawa akafuta miwani, akaifuta tena.

Bi Obdulia akavua kidoleni kile kipete cha uzi, akakitia mfukoni mwa sketi.

"Hariri siku hizi iko kila mahali, Leandra," akasema. "Na vita vimefundisha watu mengi."

"Panya wa kwa Leandra wana mikasi!" mtu akarusha kutoka nyuma, na watu wakacheka. Hawakucheka kwa furaha, ila kicheko kile kilitosha. Mjane wa mtu wa upande ule, nani angemtetea? Gereza lilikuwa limejaa waliotetea.

Ndipo Padri Hermogenes akafanya jambo ninaloliona baya kuliko lolote walilofanya wenye bunduki. Alimsamehe. Akainua mkono mbele ya watu wote, akasema vita ni shetani, njaa ni shetani, na yeye hatampeleka Leandra kwa askari. Anamsamehe, na watu wamsamehe. Akamtaka apige magoti. Mama alitazama huku na huku, akatafuta uso mmoja. Kisha akanitazama mimi, na nadhani alifikiri nani atanilea, maana alipiga magoti.

Kufuli tatu za lile sanduku hazikufunga kama msamaha ule. Aliyeshtakiwa hujitetea. Aliyesamehewa atasema nini?

Vitambaa vya altare vilipewa mwanamke mwingine. Mama akafua suruali za machimboni. Mimi shuleni niliitwa Kipanya, hata na masista, hata nilipoacha shule. Wakati wa misa mama alikaa benchi la mwisho, na watu walipogeuka kutakiana amani mikono yao ilikuwa mifupi.

Miaka ilipita, Padri akafa kwa heshima, jina lake likachongwa kwenye marumaru: aliyeokoa vitabu. Bi Obdulia akabaki peke yake, hadi alipolala asiweze kuinuka, akatuma mtu amwite mama. Nilikwenda naye. Chumba kilinuka kafuri na mkojo.

"Leandra," akasema, "nilishona mimi."

"Najua."

"Mwaka mmoja kabla ya vita alikuja mfanyabiashara na gari, anazitaka zile herufi, akakaa kwetu chakula cha mchana. Kaka yangu alikuwa na paa la kutengeneza, alikuwa na... Alikata mwenyewe, kwa kisu cha kunyolea. Mimi nilishika taa." Akalia. "Nisamehe nife."

Mama alimfuta jasho. Akamweka mto vizuri, kwa mikono ile iliyopasuliwa na sabuni.

"Nikusamehe kwa msamaha upi, Obdulia? Wote wa mji huu nilipewa mimi. Waite watu uwaambie hayo uliyoniambia."

"Jina la kaka yangu..."

"Haya," mama akasema. "Lala."

Bi Obdulia alikufa bila kuwaita watu. Mama naye alimfuata kabla ya zeituni kuvunwa. Kengele ya mazishi yake aliipiga mlevi, na aliipiga vibaya.

*

Juzi wamefungua maktaba kwa wageni. Kuna taa ndogo, kuna vioo, na ubao wa laana umewekwa ukutani kama picha. Watalii wanapiga nao picha wakicheka. Nilipanda ile ngazi ya mawe nikishika ukuta. Kitabu kikuu kimo ndani ya kioo, kimefunuliwa kwenye ukurasa wenye dirisha, na chini yake kuna maandishi. Shule yangu ilikuwa ndogo lakini kusoma nilisoma: herufi zilikatwa wakati wa vita na familia iliyokabidhiwa kukitunza.

Mtunza maktaba wa sasa si padri. Ni kijana mpole, anaitwa Íñigo, ana ndevu na fulana ya sufu. Aliniletea kiti. Nikamweleza yote, uzi, mkasi, magoti. Alisikiliza vizuri, simkosei adabu. Hakuangalia simu hata mara moja.

"Bibi, nakuamini," akasema. "Lakini hapa siwezi kuandika bila ushahidi. Una chochote? Picha? Barua?"

"Ulikuwepo uzi."

"Uko wapi?"

"Aliuchukua aliyeushona."

Akakuna ndevu. "Naweza kutoa maandishi yale kabisa, kama yanakuumiza. Nisiandike kitu."

"Kutosema kitu ndiko walikofanya siku ile, mwanangu."

Nikamwonea huruma, siku ile hakuwa amezaliwa. Nikamwambia, "Kitendawili."

Akatabasamu kama mtu aliyefunguliwa mlango. "Haya, bibi. Tega."

"Mgeni wangu alikuja kashonwa mdomo, akaondoka kashonwa mdomo, nikaulizwa yako wapi meno yake."

Alifikiri kwa haki kabisa. Alitazama dari, akatazama kioo, na jibu lilikuwa pale mbele yake limelala wazi. Mwishowe akainua mikono.

"Nimeshindwa."

"Nipe mji, basi."

Akageukia dirishani. Chini yetu kulikuwa na mapaa mekundu, soko, duka la dawa lenye jina lile lile, moshi wa tanuri la mikate.

"Nakupa huu wetu," akasema. "Mzima mzima, na kengele zake."

Nilishika fimbo yangu, nikainuka.

"Huo siutaki," nikamwambia. "Nipe mwingine."